Hatua za Fundi Viatu

Mwanamume akimwonea wivu mwanamume mwenzake, watu humwelewa, hata majirani humhurumia. Lakini fundi viatu alikuwa akikionea wivu kifaa cha plastiki na nyaya, kisichofika hata kilo mbili, na jambo kama hilo utamwambia nani? Alikaa nalo kimya, likawa linamla.

Kifaa chenyewe kilifungwa kwenye mguu wa kushoto wa mkewe, kuanzia juu ya goti mpaka kwenye kifundo, kikiwa na mota ndogo ya kuusaidia kuinuka. Mguu huo ulilegea miaka mitatu nyuma, mke alipopata kiharusi. Na kwa miaka mitatu hiyo mguu ulikuwa wa fundi. Yeye ndiye aliyemshika mkewe kiwiko akienda bafuni, dukani, kliniki. Yeye ndiye aliyemshonea kiatu maalumu, soli nyepesi, ncha imepandishwa kidogo isikwaruze sakafu. Mtaani walisema yule bwana ni mkongojo unaopumua, naye alijifanya hasikii, huku kichwa kikimvimba.

Sasa kila Jumanne walikwenda chuo kikuu, kwenye maabara ya mwendo, chumba kirefu chenye kamera ukutani, vyuma vya kushikilia pembeni, na zulia jeusi linalopima uzito wa kila hatua. Aliyetawala humo alikuwa mtafiti kijana, mpole wa kuudhi, ambaye fundi alimbandika jina la Miwani. Siku ya kwanza tu Miwani alikivua kile kiatu maalumu, akakigeuzageuza.

"Kazi safi hii, Mzee. Ila hapa Mama atavaa raba zetu."

Akakisukumia chini ya kiti. Fundi alikikodolea macho kiatu chake mpaka zoezi likaisha.

"Hiki kinajifunza mwendo wako, Mama," Miwani alieleza. "Kila hatua unayopiga kinaiweka kichwani. Kikishakuzoea, kitajua unataka kuinua mguu kabla hujauinua."

"Makubwa! Hata mume wangu hajafika huko," mke akasema, na chumba kizima kikacheka. Fundi naye alicheka, meno tu.

Wiki ya tano walipewa kifaa waende nacho nyumbani. Jumanne iliyofuata kingepimwa kwa mara ya mwisho, na mambo yakienda sawa, mke angekaa nacho mwaka mzima. Mke alifurahi kama aliyepewa nyumba. Alikwenda jikoni peke yake, akarudi, akaenda tena bila haja yoyote, na fundi akiwa sebuleni alisikia mota ikinguruma polepole nyuma ya hatua zake. Alipoinuka kumshika kiwiko, mke alimsukuma kwa utani.

"Kaa chini, bwana wewe. Nina mwenzangu."

Mwenzangu! Neno hilo fundi alilala nalo, akaamka nalo.

Jumatatu mchana mke alijinyoosha kitandani, usingizi ukamchukua. Kifaa kilikuwa juu ya kiti, kimechomekwa kwenye umeme. Fundi alikizunguka mara mbili. Alitaka kujua tu kina nini ambacho yeye hana. Akakichomoa, akalegeza mikanda mpaka tundu la mwisho, akakifunga mguuni, akaanza kutembea kwenye ujia wa nyumba yake kama mlinzi.

Mwanzoni kilimgomea, kikawa kinamvuta nyuma. Fundi naye ni mbishi. Alikwenda na kurudi, akaenda na kurudi, jasho likamtoka, na saa ilipokaribia kutimia kifaa kikasalimu amri. Kikaanza kumwinua mguu vile vile alivyotaka.

"Kumbe huna msimamo," alikinong'oneza, roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu wiki ya kwanza. "Yeyote anakufaa."

Akairudisha mikanda kwenye tundu alilotumia mkewe, akachomeka umeme, akaenda zake kunawa uso. Kwamba kile kitu kilikuwa kinajifunza muda wote ule, hakukumbuka kabisa. Wivu ulikuwa umemziba akili.

Jumanne mke alipanda kwenye zulia jeusi akitabasamu. Hatua ya kwanza, mguu ulirushwa mbele. Ya pili, akayumba. Ya tatu alidaka chuma cha pembeni kwa mikono miwili, tabasamu limekauka.

Miwani aliinamia kompyuta. "Ajabu. Hatua ndefu, za haraka, kisigino kinatua kwa upande wa nje. Huyu si Mama kabisa."

Fundi alitazama viatu vyake mwenyewe. Visigino vilikuwa vimelika kwa nje, kama vilivyolika maisha yake yote.

"Nafikiri kimeharibika," Miwani akasema kwa huzuni. "Kama ni hivyo, Mama, itabidi tukichukue. Na hatuna kingine."

Hilo ndilo alilokuwa akiliomba usiku na mchana. Anyamaze tu, na kiwiko kingerudi mkononi mwake, na kiatu kingetoka chini ya kiti. Fundi alinyamaza. Aliona haya, lakini alinyamaza.

"Ngoja nirudie," mke akasema.

Alitembea taratibu huku ameshikilia chuma, kichwa kimeinama kama anayesikiliza. Katikati ya zulia akasimama.

"Hakijaharibika, mwanangu. Huu mwendo naujua." Hakumtazama mumewe. "Nimevutwa nao miaka mitatu. Mtu kakushika kiwiko, katangulia, nawe unafuata unajikwaa. Kifaa chako kilikuwa kinanisubiri. Leo hakinisubiri."

Fundi alihisi masikio yanawaka moto.

"Nilikivaa mimi," alisema. "Jana mchana, ulipolala."

Miwani alimtazama, kisha akapumua kwa nguvu. "Basi si tatizo, Mzee. Nitaifuta hiyo ya jana. Hatua za Mama zote zimo." Akabonyeza vitufe viwili vitatu. Hatua za fundi zikafutika.

"Mimi niliogopa usianguke," fundi akamwambia mkewe kwa sauti ndogo.

"Najua. Na hukuniangusha hata siku moja." Mke aliachia chuma. "Lakini hukuwahi kuniuliza kama unakwenda mbio."

Walipotokea kwenye ukumbi wa nje, kifaa kimepita kipimo na mota ikinguruma polepole kama zamani, mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye kile kiwiko. Akaurudisha. Akajikuta ametangulia hatua kumi, kama kawaida yake, kiatu maalumu kwapani. Akasimama, akageuka, akasubiri. Mkewe alichukua muda mrefu kufika. Fundi hakuwa amejua kwamba ukumbi ule ulikuwa mrefu kiasi kile.

Mke alipomfikia hakusimama. Alimpita, macho mbele mlangoni, na fundi akamfuata nyuma, akifupisha hatua zake moja moja. Wivu ulikuwa ungali palepale.