Chapati za Boksi

Gari la mradi lilipoingia uwanjani, Mwalimu Scola alikuwa anamtoa mtoto mmoja mbegu ya pamba puani. Hakuinua kichwa. Magari ya namna hiyo, meupe, yenye maandishi mlangoni, yalikuwa yamejaa Bariadi tangu biashara ilipoachiwa huru. Mengine yalikuja kununua pamba, mengine kuuliza maswali, na yote yalipoondoka yaliacha vumbi. Aliitoa ile mbegu, akamfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kanga, ndipo akatazama nani ameshuka.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jeupe, tai, na kalamu tatu zimepangwa mfukoni. Mtu wa kalamu tatu, Scola alijisemea, utakuta hata moja haiandiki.

"Shikamoo, mwalimu. Naitwa Deogratias. Mimi ni mwezeshaji wa mradi."

"Marahaba. Unamwezesha nani?"

Kijana alicheka kidogo, akadhani ni utani.

Chekechea ya Mwalimu Scola ilikuwa kwenye kona ya ghala la chama cha ushirika. Zamani ghala lilijaa pamba hadi kwenye kenchi, na chama kilitoa unga wa uji kwa ajili ya watoto wa wakulima. Kisha wakaja wanunuzi binafsi, wakatundika mizani zao kando ya barabara. Chama kikadhoofika, uji ukakatika, sufuria kubwa ikabaki imefunikwa kifudifudi, na kuku wakapata pa kulalia. Watoto hawakukatika. Walikuja thelathini na wanane, wengi wao na tumbo tupu, na Scola aliwafundisha kuhesabu, kuimba na kunawa mikono kama alivyofanya kwa miaka kumi na saba. Alikuwa mjane wa marehemu Maige, hakuwa na mtu wa kumwogopa, na mdomo wake ulikuwa na namna ya kukunjika upande mmoja iliyowafanya hata maofisa elimu wajikague vifungo.

Deogratias alishusha boksi kubwa, akatoa humo kitabu cha picha kipana kama sinia, kurasa zinang'aa.

"Hiki ndicho kiini cha mradi," alisema. "Tunashirikiana na mtoto kusoma kitabu kimoja, kisha tunafanya shughuli zinazotokana na hadithi. Mtoto anajifunza lugha, hesabu na lishe kwa pamoja."

"Kitabu kimoja kwa watoto thelathini na wanane?"

"Ndiyo maana ni kikubwa, mwalimu."

Wakawaketisha watoto chini, juu ya magunia. Deogratias alisimama mbele yao, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza taarifa ya habari. Msichana mwenye nywele nyekundu alitaka kumwandalia mama yake mgonjwa kifungua kinywa. Akapasua mayai, akakoroga unga na maziwa, akapika "keki tambarare ya kikaangoni". Kila alipoirusha juu ili kuigeuza, ilimtoroka: moja ikamfunika paka kichwa, ya pili ikanasa kwenye pazia.

Keki tambarare ya kikaangoni! Scola alikunja mdomo. Pale stendi wanawake walikaanga chapati za maji kila asubuhi ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anapika keki tambarare. Huyu aliyetafsiri lazima alikaa ofisini na kamusi, akaona aibu kumuuliza mkewe.

Watoto walikaa kimya. Nusu yao hawakujua Kiswahili zaidi ya nyimbo za shule. Nyumbani walizungumza Kisukuma. Deogratias akafungua karatasi yake ya maswali.

"Nani kati yenu amewahi kula keki tambarare?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Jiko la nyumbani kwenu lina swichi ngapi?"

Mtoto mmoja wa nyuma, aliyejua kuhesabu, akainua mkono. "Mafiga matatu."

Deogratias aliandika kitu. Scola alichungulia begani kwake. Ilisomeka: *Watoto hawana uelewa wa mada.*

"Lete hicho kitabu," Scola alisema.

"Mwalimu, utaratibu unasema awamu ya kwanza—"

"Lete, baba."

Alikichukua, akaketi kwenye kigoda, akawaonyesha picha ya kwanza. "Mwangaluka, wanangu," akawaamkia kwa Kisukuma, nao wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti iliyowatoa njiwa kwenye kenchi. Aliwasimulia kwa Kisukuma na Kiswahili vikichanganywa kama unga na maziwa. Alipofika kwenye kikaango na kusema "chapati ya maji", ghala zima lililipuka. Chapati! Wote waliijua. Kila mmoja alikuwa na shangazi au jirani anayepika chapati. Alipofika kwenye paka aliyefunikwa kichwa, alimwigiza, akalia nyau ndani ya kanga, na watoto wakagaagaa kwa kicheko. Yeye mwenyewe alijikuta anacheka, akakasirika, akafunga mdomo. Kitabu cha upuuzi tu, alijiambia. Nani anarusha chakula?

Deogratias alifurahi kana kwamba kazi ile ameifanya yeye. "Safi sana! Sasa shughuli."

Akatoa kwenye boksi mfuko wa vipande vya duara vya kadibodi, vimepakwa rangi ya kahawia upande mmoja. Akampa kila mtoto sahani ya plastiki na kipande kimoja. Wangehesabu chapati, wangezigeuza, kisha wangekula kwa kuigiza.

"Haya, watoto, tunakula! Nyam, nyam, nyam!"

Mbele kabisa alikaa Winnie, binti wa Ngassa, mtoto wa miaka minne mwenye macho makubwa na shingo nyembamba. Ngassa alilima pamba upande wa pili wa mto, na mwaka ule mvua ilikuwa imemtupa. Winnie alimtazama mwalimu, akamtazama mgeni, akaona wakubwa wote wawili wanamtaka ale. Akauma. Akatafuna. Scola alidhani anaigiza mpaka alipoona koo la mtoto likishuka na kupanda, na duara la kadibodi limebaki nusu.

Alimrukia, akamtia kidole kinywani, akatoa tope la karatasi lenye rangi.

"Tema! Tema yote!"

"Tamu," Winnie alisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa alifikiri ndilo jibu linalotakiwa.

Deogratias alikuwa amesimama na kalamu mkononi. "Kwa kweli, mwalimu, hilo halijawahi kutokea. Kule Mwanza watoto wanajua ni igizo. Mtoto anajenga dhana ya—"

"Kule Mwanza wamekunywa chai!" Scola alimkata. "Mtoto aliyeshiba ndiye anayeigiza kula. Huyu umempa chakula akala. Sasa sikiliza, kijana. Rudisha maboksi yako ndani ya boksi. Mkubwa wako anakuja lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo. Mzee Januarius mwenyewe, mkuu wa mradi wa kanda. Anakuja na kamera."

"Vizuri sana," Scola alisema. "Tutampikia hadithi."

Kwa siku zile alizunguka kwa wazazi kwa miguu. Hakubembeleza, hakuwa na mazoea hayo. Alisema tu: "Mradi umemlisha mtoto wa Ngassa boksi. Mimi Ijumaa nataka wale chapati. Una nini?" Mmoja akatoa unga wa mtama, mwingine vikombe viwili vya ngano, mwingine mafuta ya pamba kwenye chupa ya soda. Wafugaji wakaahidi maziwa. Mama yake Winnie alikuja na mayai manne kwenye kitambaa, akayaweka mezani moja moja.

Ijumaa ilifika. Sufuria kubwa iliinuliwa, kuku wakafukuzwa, uji mzito wa mtama, ngano, mayai na maziwa ukakorogwa humo. Scola aliwapanga watoto kuzunguka meza, kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa kukoroga, akawaacha kila mmoja ashike mwiko kwa zamu na kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpe mwenzako. Nje, juu ya mafiga, mama yake Winnie alikaanga. Harufu ikatanda hadi kwenye mizani za barabarani.

Januarius alishuka garini saa nne. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya mikono mifupi na kikohozi cha kujitangaza. Deogratias alimkimbilia mkoba. Wakaanza na "mbio za kikaango" zilizoandikwa kwenye karatasi: watoto wanne wakimbie uwanjani, kila mmoja na kikaango chenye chapati ya boksi. Kabla hawajafika nusu, upepo ulizichukua zote nne, mbuzi wa jirani akaiwahi moja, na Januarius akapiga picha akisema, "Vizuri, vizuri, changamoto zipo."

Kisha akavuta pumzi kwa pua. "Nini kile kinanukia?"

Sahani ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inafika mezani, chapati kumi na tano za kahawia, mvuke unapaa. Watoto walikuwa wamenawa, wameketi, mikono imekunjwa kifuani kama walivyofundishwa. Januarius alivuta kiti cha mwalimu, akakaa, akaivuta sahani mbele yake. Akala moja. Akaikunja ya pili na kula, kisha ya tatu. Akamsogezea Deogratias, na Deogratias, baada ya kumtazama Scola mara moja, akachukua.

"Mtama huu!" Januarius alisema, mdomo umejaa. "Huu ndio ushirikishwaji wa jamii. Deogratias, hili uliandike. Umefanya kazi nzuri." Akanyoosha mkono kuchukua ya nne.

Macho ya watoto yalikwenda na mkono ule kutoka kwenye sahani hadi mdomoni, na kurudi. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomshinda Scola. Kwa miaka kumi na saba aliwafundisha kwamba mgeni hutangulia, na sasa aliona wamejifunza vizuri mno.

Alikwenda mezani, akaiondoa sahani chini ya mkono wa Januarius. Vidole vya mkuu vikabaki hewani.

"Samahani, mzee. Hizi ni za watoto."

"Mwalimu, mimi ni mgeni wako."

"Na nimekukaribisha, umekula tatu. Mtoto wangu hapa alikula boksi la mradi wako. Kama bado una njaa, mengine yamo kwenye mfuko, yamepakwa rangi."

Mama yake Winnie, kule mafigani, aliangua kicheko, akajifunika mdomo kwa mkono wenye unga. Januarius alisimama, akajipangusa mafuta kwa leso. Alisema mradi hauwezi kufanya kazi mahali pasipo na nidhamu. Kwamba kule Maswa, Nyalikungu, kuna chekechea inaomba kila siku. Kisha akaingia garini. Scola hakumsikiliza hadi mwisho. Alikuwa anagawa. Kila mtoto alipata moja na nusu, na Winnie alikula zake taratibu, akizitazama kwanza pande zote mbili kabla ya kuuma.

Jumatatu Deogratias alirudi peke yake, na orodha. Hakuvaa tai.

"Nimetumwa kuchukua vifaa, mwalimu."

"Chukua."

Alihesabu sahani, vikaango na mfuko wa maduara. Scola alimsimamia, mikono kiunoni. Hakujali hata kimoja. Vikawasalimie huko Nyalikungu! Lakini kijana alipofika kwenye kitabu, kilikuwa chini, juu ya gunia, na watoto sita wamekizunguka. Winnie alikuwa anawasimulia ukurasa wa paka, kwa Kisukuma, neno kwa neno kama Scola alivyosimulia, pamoja na kile kilio cha nyau. Deogratias aliinama kukichukua, Winnie akakilalia.

Scola alishusha mikono kutoka kiunoni. Hakuwa ameomba kitu kwa mtu tangu Maige afe.

"Niachie hicho," alisema.

"Siwezi, mwalimu. Orodha inasema kitabu kimoja, hali nzuri. Mzee atanifukuza."

"Nakuomba."

Kijana alitazama chini. Alionekana kama anayetamani aagizwe vingine. "Kingekuwa kimeharibika, ningeandika kimeharibika. Lakini hakijaharibika."

Scola akamnyanyua Winnie, akakichukua kitabu, akakikunjua kwa nguvu mpaka gundi ikalia, akang'oa jalada zima, mbele na nyuma, kwa mkupuo mmoja. Watoto walishika vichwa. Hata yeye alijishangaa: kitabu alichokiita upuuzi siku kumi na tatu zilizopita, leo anakinyofoa ngozi ili kisiondoke.

"Haya," alisema, akimpa jalada. "Kimeharibika. Peleka ushahidi. Na kalamu unazo tatu, usiniambie zimeisha wino."

Deogratias alilipokea lile jalada lenye msichana wa nywele nyekundu. Akatoa kalamu, ya kwanza ikagoma, ya pili ikaandika. Alipomaliza alifungua mdomo kusema kitu, labda samahani, lakini mdomo wa Scola ulikuwa tayari umekunjika upande, akaona heri anyamaze. Gari likaondoka.

Jioni Scola alizishona kurasa kwa sindano ya magunia, akazifunika kwa kipande cha gunia la pamba. Kesho yake aliwasomea tena. Ijumaa mama yake Winnie alikuja na kikaango kichwani, nyuma yake wanawake watatu na unga, na mmoja wao, mke wa mfugaji, alisema amechoka kusikia habari za huyo paka kwa mwanawe kila usiku, anataka kumwona mwenyewe. Scola akamwambia avue viatu, akae chini na wenzake, na asimkatize mwalimu.