Maji ya Mtoto Yalichemshwa

Evelina alikuwa akisomea shahada ya uzamivu Dodoma, kwenye ule mpango unaochanganya fani. Yeye mtu wa maji, Cornel mtu wa mambo ya jamii, Yasinta mchumi, na kila timu inapewa mwanakijiji wa kufanya naye utafiti kama mwenzao. Wao walipewa Mama Hana, mkulima wa huko Chemba. Jambo zuri, nani atalisema vibaya? Ila kulikuwa na sheria: kijijini mnaongea kwa sauti moja. Hakuna kumwambia mwanakijiji lolote mpaka fani zote zikubaliane.

Mwezi wa tano Evelina akapima maji ya kisima cha kijiji. Yalikuwa na naitreti nyingi, uchafu unaozama ardhini kutoka vyooni na mazizini. Mtu mzima anayanywa, maisha yanaendelea. Mtoto mchanga yanaweza kumuua, na kuyachemsha hakusaidii kitu.

Akawaambia wenzake siku ile ile. Cornel akasema tusiwatie watu hofu, kwanza tutafute lugha ya kuwaambia. Yasinta akasema ukifunga kisima lazima uwe na kingine mkononi. Msimamizi wao wa chuo akasema hoja zote nzuri, kaeni mjadiliane. Wakakaa, jamani! Wakajadiliana wee, rasimu juu ya rasimu, na huko watu wanachota.

Mwezi wa sita walienda Chemba kupima udongo. Mama Hana akampakatisha Evelina mjukuu wake Sila, mtoto wa binti yake Ruthu, bado mchanga kabisa. Ruthu maziwa hayakutoka, kwa hiyo Sila alilelewa kwa chupa, maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Evelina aliiona ile chupa. Maneno yakamfika kooni, akamtazama Cornel, Cornel akatikisa kichwa. Akayameza.

Mwezi wa saba ikaja simu. Sila amefariki. Midomo iligeuka rangi ya bluu, na hata zahanati hawakuwahi kufika.

Evelina akaenda msibani peke yake, bila kumuaga mtu.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Mama Hana alikuwa amekonda, uso umesawijika. Akamletea mgeni wake kikombe cha maji, maana safari ni ndefu na vumbi lile. Evelina akakishika tu.

"Kunywa, usiogope. Tumechemsha, kama Cornel alivyotufundisha mlipokuja mara ya kwanza. Hata ya mtoto tulikuwa tunachemsha, tena mara mbili mbili."

Hapo Evelina akashindwa. Akalia, akasema yote: kisima, naitreti, kuchemsha. Ruthu, aliyekuwa amelala mkekani, akainua kichwa.

Mama Hana akamgeukia. "Ulijua lini?"

"Mwezi wa tano, mama."

"Basi siku ile ulipompakata, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Si mlisema mimi ni mwenzenu?"

Mama Hana akakichukua kikombe mkononi mwa Evelina, akayamwaga maji nje ya mlango, akaenda kukaa na binti yake.