Herufi Nne za Akiba

Sikumpenda siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha. Mtu anaingia ofisini mwenu asubuhi, anabandika vikaratasi vya njano ukutani, halafu anawaambia kuanzia kesho mtakutana kila siku saa tatu kasoro robo, dakika kumi na tano, wote mmesimama. Mmesimama! Magoti yangu yana miaka hamsini na nane. Nikamwambia, "Dada, humu ndani huwa tunafikiri tukiwa tumekaa." Akacheka, akaandika kitu kwenye kikaratasi. Nilipokwenda kuchungulia nikakuta ameandika: kiti kwa mzee.

Sisi ni mafundi wa programu wa hospitali ya akina mama. Nyuma ya kioo umekaa mtambo mkubwa, kompyuta ya zamani yenye ukubwa wa makabati manne, na ndani yake mna rekodi ya kila mtoto aliyezaliwa hapa kwa miaka arobaini. Ukitaka kubadilisha kitu kidogo tu humo, unajaza fomu, inapigwa sahihi saba, kisha unasubiri mwezi wa kumi na mbili ndipo mabadiliko yote yaingizwe kwa mpigo. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na mimi niliupenda. Ukikosea, jina lako linaandikwa kwenye daftari jekundu la mkurugenzi. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukosea. Ndiyo, cheka tu.

Yule dada, aliyeletwa atufundishe namna mpya ya kufanya kazi, tukampachika jina la Wiki Mbili, maana kwake kila kitu kilikuwa wiki mbili. Kazi ikatwe vipande, kipande kiishe ndani ya wiki mbili, aitwe mwenye shida aje akione kinafanya kazi. Mtindo huo vijana wa fani wanauita ejaili. Mkurugenzi alimruhusu aziruke zile sahihi saba, ila kwa nafasi moja tu: "Nionyeshe kipande kimoja kilichokamilika, la sivyo ufunge virago."

Akaenda wodi ya wazazi, akarudi na nesi mkuu. Mungu wangu, miaka thelathini na moja natengeneza programu za wodi ile, sikuwahi kumwona nesi ameketi ofisini kwetu! Nesi akatoa mfukoni vibandiko viwili, vile wanavyofunga watoto mkononi. Vinaandikwa MTOTO WA, kisha jina la mama, ila mtambo unalikata jina likifika herufi ya kumi na nne. Sasa wakilazwa akina mama wawili wenye jina la kwanza moja, na majina ya baba zao yanaanza sawasawa, vibandiko havina tofauti hata chembe.

"Mwezi huu peke yake," alisema nesi, "mara mbili nimempelekea mama mtoto wa mwenzake amnyonyeshe. Tumegundua kwa bahati tu. Na fomu yenu nimeijaza miaka sita mfululizo."

Nikatazama sakafu. Zile fomu nilikuwa nazigonga muhuri mimi mwenyewe.

Nikasema haiwezekani. Rekodi ina urefu wake, ukiivuta huku inapasuka kule, hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Wiki Mbili hakubishana nami. Aliniomba nimfundishe. Akakaa pembeni yangu siku tatu, anasoma mstari kwa mstari mambo ambayo hata watoto wangu wa kuzaa hawajawahi kuniuliza. Na anaelewa! Siku ya tatu akaweka kidole kwenye skrini.

"Mzee, hizi herufi nne za mwisho zimeandikwa akiba. Ziko tupu? Tukiweka mwisho wa jina hapa, tunafika herufi kumi na nane. Nesi anatoshewa."

Lo! Mimi kwa mtambo ule nilijiona mfalme, na njia hiyo sikuwahi kuiwaza.

"Ziko tupu," nikajibu.

Nilisema uongo. Miaka kumi na tisa iliyopita, nesi mwingine alinijia analia. Watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, walikuwa wanasahaulika kwenye orodha ya chumba cha joto. Kusubiri sahihi saba? Watoto wale wangesubiri? Nikaingia mtamboni kimyakimya, nikatumia herufi ya kwanza ya akiba kuweka alama ya nyota kwa kila njiti. Orodha ikatoka sawa tangu siku hiyo. Sikuandika popote, sikumwambia mtu. Sasa Wiki Mbili akiweka jina pale, nyota zinafutika, na njiti wanatoweka kwenye orodha. Kwenye majaribio isingeonekana, kwa sababu majina yetu ya majaribio hayakuwa na njiti hata mmoja.

Ungeniuliza kwa nini sikusema palepale. Aibu, jamani. Aibu na lile daftari jekundu. Kila asubuhi tukisimama, Wiki Mbili anamuuliza kila mmoja: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, kuna kilichokukwamisha? Asubuhi tano nilijibu, "Hakuna." Nilikuwa tayari kufa na tai yangu shingoni.

Alhamisi, siku moja kabla ya nesi kuja kuona kazi na mabadiliko kuingizwa, Wiki Mbili alianza na yeye mwenyewe.

"Jana nilifuta majaribio yenu ya siku mbili. Sikuangalia vizuri. Kosa ni langu, naomba mnisaidie kuyarudisha."

Akaandika KOSA kwenye kikaratasi, akaweka jina lake chini, akakibandika katikati ya ubao, mahali ambapo mkurugenzi akipita lazima akione. Mtu ambaye kazi yake yote iko hatarini! Namvulia kofia mpaka leo.

Zamu yangu ikafika. Kuna kilichokukwamisha?

"Kipo," nikasema. Nikaeleza yote, nyota, njiti, miaka kumi na tisa.

Akazungumza fundi mwenzangu wa upande wa pili wa ofisi, mtu mzima kunizidi, tunayemwita Bubu kwa sababu kumsikia akiongea ni bahati.

"Ukiihamisha nyota peke yako haitatosha," alisema. "Niliiona miaka kumi na saba iliyopita. Nikajua ni wewe tu. Programu yangu ya vipimo vya maziwa inaisoma. Ikihama bila mimi, njiti atapimiwa maziwa ya mtoto wa kilo tatu."

Ala! Miaka kumi na saba tunakula meza moja!

Wiki Mbili hakukunja uso. Aliuliza, "Nyota inaweza kukaa wapi?" Bubu alipajua. Siku nzima tulifanya kazi watatu kwenye skrini moja, na kwa mara ya kwanza tukajaribu kwa watoto njiti. Ijumaa nesi akasoma vibandiko viwili kwa sauti mpaka herufi ya mwisho, akasoma orodha ya njiti, akamkumbatia Wiki Mbili asimwachie. Mkurugenzi aliuliza tu, "Kipande kinachofuata ni kipi?"

Jumatatu nilifika mapema, nikamkuta Bubu mbele ya ubao. Alikuwa amebandika vikaratasi kumi na kimoja, mwandiko wake, jina lake chini ya kila kimoja.

"Hizi ni siri zangu nyingine za mtamboni," akasema bila kugeuka. "Nilipaswa kustaafu miaka minne iliyopita. Kila mwaka naomba niongezewe. Mke wangu anadhani naipenda sana kazi. Naogopa, ndugu yangu. Nikiondoka, atakayezigusa hizi atajuaje? Kikiisha hiki cha kumi na moja, nakwenda nyumbani."

Nikakibandua cha kwanza, nikachukua kalamu, nikaandika jina langu chini ya lake.