Sikio la Kushoto

Atumani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akigeuza muziki wa watu kuwa MP3, nami nilimcheka kutwa. Niliwaambia wateja kwamba MP3 ni chakula kilichotafunwa na mtu mwingine: unashiba, lakini vilivyotupwa njiani hukuulizwa. Mimi Rachid, fundi redio wa mtaa wa Buyenzi, nilipata kompyuta mwanzoni mwa mwaka 2002, na kwangu sauti iliingia nzima au haikuingia. Kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko disiki yangu.

Kazi yangu ilikuwa na desturi yake. Unaniletea kaseti, naihamishia kwenye CD, halafu kaseti yenyewe inabaki kwangu, ndiyo malipo. Barabara zilikuwa za hatari kwa sababu ya vita, bidhaa haziingii, na kaseti tupu zilikuwa adimu kuliko sukari. Nilizifuta kwa sumaku, nikarekodi juu yake nyimbo za kuuza. Hakuna aliyenung'unika.

Consolate alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mkazi wa Ngagara, karani katika ofisi moja ya serikali kule Kigobe, na alibeba kaseti tisa za kwaya ya parokia yao. Binti yake Joëlla alikuwa ameimba humo miaka minne. Mwezi wa pili wa mwaka huo, gari la kwaya liliviziwa likitoka harusini upande wa Ruziba, na watu kumi na mmoja wakauawa. Joëlla alikuwa mmoja wao.

"Ihangane, mama," nilimpa pole.

"Sijazisikiliza," akasema. "Radio yetu inakula kaseti, mi naogopa. Na mabomu inaanguka kwetu, siku moja nyumba itaungua nazo. Unifanyie CD, nitaziweka kule kazini, kaseti ubakie nazo. Nikipata CD, nitasikiliza mutoto yangu bila woga. Sauti yake ingine sina."

CD tupu nilikuwa nazo tatu tu. Sauti kamili, ile ambayo kompyuta huipima mara elfu arobaini na nne na mia moja kwa kila sekunde, masikio yote mawili, hujaza CD moja kwa muda wa saa moja. Kaseti tisa zilikuwa saa tisa. Nikamweleza hayo, nikamwambia achague kaseti tatu.

Akanitazama kama mtu niliyemtukania marehemu. "We fundi, unaniuliza siku gani za mutoto yangu zitupwe?"

Niliona haya. Ningeweza kumvusha barabara hadi kwa Atumani. Kwake zote tisa zingeingia kwenye CD moja na nafasi ingebaki. Lakini mimi kumpelekea Atumani mteja? Nikamwambia zote zitaingia, aende akapumzike.

Alipoondoka, nilivaa kaski za masikioni nikasikiliza kaseti ya kwanza moja kwa moja kutoka kwenye deki. Wanaume walikuwa sikio la kushoto, wasichana la kulia, kila upande na maikrofoni yake. Kabla ya wimbo msichana alitaja tarehe, akasema, "Ni mimi Joëlla," akakohoa, akajicheka kwa kule kukohoa, kisha akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, ikitangulia wenzake kidogo. Ilinifurahisha kweli.

Kisha nikapiga hesabu. Nilishusha kipimo hadi nusu, elfu ishirini na mbili hivi, maana kaseti haina sauti nyingi za juu za kupoteza. Haikutosha. Nikachagua mono. Kwa akili yangu, mono ilikuwa ni kumimina masikio mawili katika chungu kimoja, kitu hakipotei. Sasa kaseti nne ziliingia kwenye CD moja. Nilijipongeza, nikafanya kazi siku tatu nikiangalia mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye skrini, wala sikusikiliza tena. Umeme ulikuwa wa kubahatisha na redio za watu zilinisubiri. Ijumaa kabla ya sala Consolate akachukua CD zake. Jumamosi nikazipitisha kaseti zote tisa kwenye sumaku, na hadi Jumatano nilikuwa nimeziuza.

Alhamisi alirudi. Alikuwa amesikiliza kwenye kompyuta ya ofisini, mlango ameufunga.

"Fundi, mutoto yangu iko wapi?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilimwambia huenda spika za ofisini kwao ni mbovu, nikaiweka CD kwenye kompyuta yangu tusikilize pamoja. Wanaume walinguruma. Wasichana walisikika kama watu wanaoimba kwenye ua wa jirani wa tatu, huwezi kujua nani ni nani. Pale Joëlla alipotaja jina lake palikuwa na mnong'ono tu.

Nikachomeka ule waya wa kurekodia, nikagusa kwa kidole ncha zake mbili, moja ya kila sikio. Kushoto, mvumo. Kulia, kimya. Kompyuta haikuwa imechanganya chochote. Ilichukua sikio la kushoto na kulitupa la kulia, kwa saa zote tisa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe.

"Najua kaseti umeshafuta," akasema Consolate. "Tulipatana hivyo, sikulaumu. Uniambie tu, juu ya nini hasikiki?"

Nilitakiwa kusema maneno mawili: nimekosea mimi. Badala yake nilisema, "Kaseti zilikuwa hivyo, mama. Aliyerekodi hakuwawekea wasichana maikrofoni."

Akakaa kitini polepole.

"Mwenye kurekodi alikuwa yeye," akasema. "Joëlla. Yeye ndiye alikuwa anapanga mikro."

Wallahi sikujua. Hata hapo ningeweza kurudi nyuma, lakini nikaichomoa CD nikamrudishia.

"Alikuwa vile tangu utoto," akaendelea, machozi yakimtiririka. "Kwa meza anagawia wote, yeye anabakia na sahani tupu. Na huku tena akajisahau."

Yule binti aliijua kazi kuliko mimi. Alijiwekea maikrofoni mahali pake hasa, akasema jina lake ili ajulikane. Mtu wa mwisho kumsikia ni mimi, mimi ndiye niliyemfuta, na sasa nilikuwa nimemtwika kosa langu kaburini. Najichukia kwa hilo hadi leo, na bado sijaenda Ngagara kusema ukweli.

Consolate alipangusa uso, akazikusanya CD zake tatu. Mlangoni aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Asante, fundi," akasema. "Mwingine angenidanganya."