Mnazi wa Didas

Mwanabaraka aliung'oa mche wa mnazi kwa mkono mmoja, akaubwaga miguuni pa Filomena.

"Nani kakuruhusu kupanda?"

"Shikamoo, bibi."

"Sikukuuliza salamu."

Filomena alikuwa na mwanawe mchanga, Didas, mgongoni. Akaeleza kwamba kitovu cha mtoto kilipokatika alikizika pale na kupanda mnazi juu yake. Aliwaona majirani wakifanya hivyo, akadhani ndiyo desturi ya Mwananyamala.

"Ni desturi yetu sie wenye mashamba. Wewe mpangaji. Panda bamia, panda mchicha, ule na mumeo. Mti wa kudumu hupandi. Leo mnazi, kesho utasema uwanja wako."

Hakuwa anatania. Mahali pale mti ndio uliokuwa shahidi: mwenye minazi ndiye mwenye ardhi. Filomena na mumewe Leonardi, kuli wa bandarini, walikuwa wametoka Masasi, na jambo hilo hawakulijua. Walijenga kibanda cha udongo katika shamba la Mwanabaraka, juu mlimani penye mchanga, ambapo mvua ilinyesha na uwanja ukakauka kabla chai haijapoa.

Jioni Leonardi alikwenda kuomba radhi.

"Basi mnazi uwe wako, bibi."

"Na kitovu cha mwanao kiwe cha nani?"

Majirani waliokuwa barazani wakacheka sana. Mwanabaraka akawataka wahame kabla ya Ijumaa.

Walishuka bondeni. Kwingine hapakuwa na nafasi, na bondeni ilikuwapo kwa sababu serikali ya Mwingereza ilikataza watu kujenga huko. Wenye minazi walikaa juu. Chini walikaa waliofukuzwa juu. Mfereji wa barabara ya mlimani ulichimbwa vizuri kabisa, ukamwaga maji yake yote katikati ya vibanda vyao.

Apolinari, bwana afya, alikuja na upawa wake kutafuta viluwiluwi. Alichota dimbwini mwa Filomena, akautazama upawa, akatikisa kichwa.

"Nyie watu wa bondeni mnapenda mbu."

"Maji haya yanatoka juu, bwana."

"Mbu wamezaliwa kwako. Juu sijaona hata mmoja."

"Juu hakuna maji. Yote yako huku."

"Fukia hilo dimbwi. Nikirudi nikalikuta, nyumba inavunjwa."

Filomena alilifukia. Mvua ikalifukua. Masika ya pili Didas alishikwa na homa, akafa alfajiri akiwa mapajani pa mama yake. Waliochimba kaburi walikuta maji kabla ya kufika kiunoni. Wakayachota kwa ndoo, na mtoto akateremshwa upesi kabla hayajajaa tena. Mlimani watoto wa rika lake walikuwa wakikimbizana.

Filomena hakuhama. Alibeba makumbi, mawe na vifusi, akainua sakafu, akajenga tuta refu la kugeuza maji. Kibanda chake kikawa kikavu kuliko vyote. Waliokuja baadaye walimwendea yeye kuuliza wajenge wapi, na alipowaonyesha ndipo walipojenga.

Kisha vigingi vikapigwa mlimani. Serikali ilitaka kujenga nyumba za makarani. Ililipa fidia ya minazi, mti kwa mti. Ardhi haikuilipia, kwa kuwa ilisema ni yake tangu zamani. Ndugu za Mwanabaraka waligawana fidia ile mpaka ikaisha. Siku moja mchana alishuka bondeni na binti yake Hamisa, aliyekuwa amebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, bibi," Filomena alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama Didas, nimesikia wewe ndiye unayewaonyesha watu mahali."

"Ndiyo, bibi. Nifuate."

Akawapeleka nje ya tuta, pale lilipoyageuzia maji.

"Mbona hapa pamelowa?"

"Bondeni kote kumelowa, bibi. Jenga. Panda bamia, panda mchicha. Mti wa kudumu usipande."

Mwanabaraka alimtazama. Hamisa akainamisha kichwa. Mahali pengine hawakuwa napo, wakajenga.

Leonardi alipotoka kazini na kuona nguzo zao, hakula.

"Hapo maji yataingia."

"Najua."

"Kuna mtoto mle."

"Hata mimi nilikuwa na mtoto."

Masika yakaja. Tuta lilifanya kazi yake. Maji yalilifuata mpaka mwisho, yakaingia nyumbani kwa Mwanabaraka, yakakaa. Wiki ile ile mjukuu wake akachemka mwili. Leonardi akashika jembe akalibomoe tuta. Filomena akamzuia mlangoni.

"Ukilibomoa, tunalala majini sisi."

Akaliweka jembe chini.

Asubuhi Mwanabaraka alikuja na mtoto kifuani, kanga imemlowa mpaka magotini.

"Sijiombei mie. Mpokee huyu tu, alale pakavu mpaka homa ipungue."

Filomena aliweka mkono juu ya paji la mtoto. Aliufahamu moto ule.

"Kitovu chake mmekizika wapi, bibi?"

"Juu," Mwanabaraka alijibu. "Walishaukata mnazi wake."

"Basi mpeleke huko akakae."

Mwanabaraka hakuondoka. Alisimama mlangoni akimpepea mtoto kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo, bibi," Filomena alisema, akafunga mlango.