Chapa Kwenye Picha za Harusi

Duka la Hidaya ndilo pekee mjini Machakos lililokuwa na kibali cha kuuza simu za Ovanta, na kwa miaka yote aliyoziuza hakuwahi kuwapenda watu waliozinunua. Walikuwa wateja wazuri, hilo hakulikataa. Ila alikuwa amewachoka. Mtu ananunua simu ya bei ya ng'ombe wa maziwa, kisha anakwenda kuilaza kifudifudi kwenye meza ya hoteli ili nembo ionekane, na ikilia anaiacha ilie mpaka meza za jirani zigeuke. Wengi wao hawakujua kuitumia zaidi ya kupiga na kusoma vikundi vya ukoo. Hidaya ndiye aliyewafungulia barua pepe na kuwatafutia nywila walizosahau, huku akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Aliyemchosha kuliko wote ni Aloys Ngui, dalali wa mashamba, mzaliwa wa Kathiani aliyehamia mjini na kuanza kuongea kana kwamba Kathiani ni nchi nyingine. Siku aliyonunua Ovanta yake ya tatu, Hidaya alimletea kava ya kuikinga isivunjike. Aloys aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Hiyo itafunika nembo, Mama Faiza. Sasa mimi nitakuwa nimelipia nini?"

Basi zilipokuja habari kwamba kampuni ya Ovanta inafikiria kutengeneza simu ya bei ya chini, Hidaya alifurahi. Alifikiria wanawake waliopita nje ya duka lake siku za soko, wakasimama mbele ya kioo, wakatazama ndani, wakaondoka bila kuingia. Sasa wangeingia.

Kampuni ilimtuma afisa wa mauzo kutoka Nairobi, msichana mmoja aitwaye Pauline, aje asikilize maoni ya wateja. Hidaya ndiye aliyewaalika. Walikutana katika ukumbi wa hoteli, wakapewa nyama na soda, na kila mmoja akaweka simu yake mezani, nembo juu. Pauline alieleza kwamba simu mpya ingeitwa Ovanta Nafuu. Kabla hajamaliza, Aloys alikuwa amesimama.

"Mimi niko na swali moja tu. Mkiuzia kila mtu hii kitu, sisi tulionunua zamani tutajulikana aje?"

Watu walipiga makofi. Mama mmoja mwenye duka la vipodozi akasema kwa uchungu wa kweli, "Hata mfanyakazi wangu wa nyumbani atakuwa nayo! Tutapiga simu pamoja jikoni?"

Hidaya alishindwa kunyamaza. "Kwani mwingine akiwa nayo, yako itaacha kulia?"

"Wewe ni muuzaji, unataka kuuza," Aloys alimjibu. "Mimi naongea juu ya heshima."

"Heshima yako naijua, Bwana Ngui. Mimi ndiye ninayeifunga kwenye karatasi."

Wengine walicheka, na Aloys akaona anashindwa. Akaufuta mdomo mafuta, akainua mkono. "Sawa. Uzeni. Lakini muweke alama! Ng'ombe wa watu wanakula nyasi pamoja, na bado kila mtu anawapiga chapa wa kwake. Mtu akiwa na ile ya bei ya chini, tujue."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Pauline alicheka, akasema wazo limesikika. Hata Hidaya alicheka. Aliyachukua maneno hayo kuwa upuuzi wa mwanamume aliyeshiba.

Nafuu ilifika dukani mvua zilipokuwa zikiisha. Kwa macho tu haikuwa mbaya: nyembamba, nyepesi, nembo ileile. Miongoni mwa wanunuzi wa kwanza alikuwa Kasyoka, mjane wa Kathiani, kiongozi wa kwaya ya parokia na mkulima wa maparachichi. Marehemu mumewe alikuwa kaka mkubwa wa Aloys.

"Hii ndiyo kama ya shemeji yangu?" aliuliza akiipimapima mkononi.

"Ni ya kampuni hiyohiyo, Mwaitu," Hidaya alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mimi kampuni sijali. Munyiva wangu anaolewa. Nataka kumpiga picha mimi mwenyewe. Wale wapiga picha wa kukodi wanapiga keki kuliko bibi harusi."

Hidaya alimwonyesha jinsi ya kushika na wapi pa kubonyeza. Kasyoka alipiga picha kadhaa humo dukani, akaziangalia, zikampendeza. Zilikuwa safi kabisa. Alitoka huku akiimba kimoyomoyo, na Hidaya akaona kwamba siku hiyo alikuwa amemuuzia simu mtu anayeihitaji.

Harusi ilifanyika, na jioni yake Kasyoka akatuma picha kwenye kikundi cha ukoo: Munyiva akiingia kanisani, Munyiva akivishwa pete, Munyiva akilia begani mwa shangazi yake. Majibu yalikuja, lakini hayakuwa ya pongezi tu. Kuna waliotuma vikatuni vya kucheka. Aloys aliandika, "Hongera shemeji, tumeona umejikaza." Kasyoka hakuelewa amejikaza na nini. Alizitazama tena picha zake, akaziona nzuri, akadhani wanamcheka Munyiva kwa kulia.

Alielewa alipokwenda kuwasalimu wakwe wapya kule Masii. Mama mkwe wa Munyiva, mwanamke mpole, alikuwa ametumiwa picha hizo, akamfungulia kwenye simu yake ili wazitazame pamoja. Katikati ya kila picha, kwa herufi nyeupe zilizokata kifua cha bibi harusi, palikuwa na maneno: *Imepigwa kwa Ovanta Nafuu*. Kwenye simu ya Kasyoka hayakuwepo. Yalijitokeza picha ilipomfikia mtu mwingine. Kila mtu aliyaona isipokuwa mwenye simu.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kwa Hidaya. Hakuketi.

"Ngoja nipige picha hiyo saa ya ukutani, nikutumie," alisema.

Akapiga, akatuma. Hidaya alifungua simu yake mwenyewe, akaona saa, na juu ya saa yakakaa yale maneno. Damu ilimpanda usoni. Alidhani ni hitilafu, akampigia Pauline hapohapo, sauti nje, ili Kasyoka asikie kampuni ikiomba radhi.

"Hapana, madam, hiyo si hitilafu," Pauline alisema kwa furaha ya mtu anayeeleza jambo alilofundishwa vizuri. "Huo ni utambulisho. Wateja wetu wa daraja la juu waliomba bidhaa zitofautishwe. Kwani umesahau? Hata huko kwenu Machakos waliomba."

"Na kwa nini mwenye simu haoni?"

"Tulitaka afurahie simu yake, madam."

Hidaya alikata simu. Kasyoka alikuwa ameegemeza mkono kwenye kaunta, akimwangalia.

"Nani aliomba?"

"Shemeji yako."

"Aiya." Kasyoka hakushangaa sana. "Aloys ni mjinga tangu akiwa mdogo. Nimemfulia nguo za shule, namjua. Lakini mjinga akiropoka anaachwa aropoke. Hawa walimsikia, wakakaa chini, watu na masomo yao, wakaitengeneza. Na wewe ulikuwa huko?"

"Nilikuwa."

"Ulisema nini?"

Hidaya alikuwa amesema mengi siku ile, tena mazuri, lakini si juu ya hilo. "Nilicheka, Mwaitu. Nilidhani ni mzaha."

Kasyoka aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeonjeshwa kitu na kukuta kimeoza kama alivyohisi. "Basi nirudishie pesa zangu. Nikitaka kudharauliwa, niko na ukoo mzima unafanya hiyo kazi bure."

Hidaya alimrudishia zote. Kisha akamwomba asiondoke. Aliiunganisha simu na kompyuta, akazitoa picha za harusi kabla hazijaguswa na chapa yoyote, akazichapisha kwenye karatasi nzuri. Kasyoka alizipokea moja moja, akizipuliza wino ukauke. "Hizi nachukua kwa sababu ni za mtoto wangu," alisema. "Si kwamba tumepatana." Akavuka barabara, akaingia duka la jirani, akanunua simu ya kampuni ambayo Hidaya alikuwa akiidharau.

Wiki hiyohiyo Aloys alipita kubadilisha kioo cha simu kilichopasuka. Hidaya alimweleza yote: picha, wakwe, mama mkwe wa Masii. Alitazamia aone aibu japo kidogo. Aloys alisikiliza huku akikuna kidevu.

"Kumbe walinisikia," alisema, na uso wake ukachangamka kama wa mtoto aliyesifiwa. "Mimi nilisema tu hivihivi!"

"Umepiga chapa kifua cha binti wa kaka yako."

"Shemeji atazoea. Lakini inafanya kazi, si ndiyo? Mtu anaona, anajua." Akaisogeza simu yake juu ya kaunta. "Hiki kioo kitakuwa tayari lini?"

Hidaya aliisukuma ikarudi upande wake kwa kidole kimoja. "Kipeleke Nairobi. Hapa hatutengenezi tena."

Usiku huo mumewe, Umar, alimsihi afikirie. Kibali cha Ovanta walikihangaikia kwa miaka, na nusu ya wateja wao walikifuata hicho. Hidaya alimwambia kwamba ni kwa sababu ya hao hasa waliokifuata anataka kukiacha. Alirudisha Nafuu zote zilizobaki, na zile za bei kubwa pia. Vijana wa kampuni walikuja kung'oa bango la mbele, wakaliteremsha kwa kamba kwa uangalifu mkubwa kana kwamba ni jeneza la askofu, na aliyewasimamia akamwuliza Hidaya kama ana hakika.

"Nilidhani mnauza simu ghali," alimjibu. "Kumbe mnauza watu wa kudharau, na simu mnaongeza juu."

Biashara ilipungua kama Umar alivyosema. Aloys na wenzake walianza kwenda Nairobi kwa mahitaji yao ya simu, na Hidaya hakuwakumbuka. Sasa anauza simu za kila aina, za vitufe na za kugusa, na kabla ya kumkabidhi mteja anampigisha picha na kuituma kwenye simu yake yeye, aone kitakachotokea. Kasyoka hajaingia tena dukani. Siku za soko hupita ng'ambo ya barabara na wanakwaya wake, na Hidaya akimwita, "Mwaitu!" yeye huinua mkono, huitikia salamu, na kuendelea na safari yake.