Betri ya Pili ya Darcy

Siku daktari alipomwanzishia mume wangu Darcy sindano za insulini, Darcy aliikunja ramani akaitupa juu ya kabati. Ziwa la chumvi la kaskazini lilikuwa limejaa maji, jambo ambalo huku Quorn, ukingoni mwa jangwa, tunalingoja miaka na miaka, na kunipeleka alikuwa ameniahidi tangu uchumba. Alisema dawa itaharibika kwa joto njiani, na mjadala umekwisha. Mimi sifungiwi mjadala. Nilinunua friji ndogo ya gari na betri ya pili, nikavibwaga mbele ya pikapu yetu kuukuu.

Fundi wa kulipwa hakutajwa. Darcy alitengeneza magari ya mashamba ya kondoo miaka arobaini, na kwake kumlipa mtu akufungie betri ni sawa na kumlipa mtu akulishe. Alinifafanulia, kama mwalimu aliyechoka na darasa, kwamba betri ya kwanza ni ya kuwasha injini, ya pili ni ya friji, na katikati kinakaa kifaa cha kuzitenganisha injini ikizimwa. Bila hicho friji hunyonya zote mbili, mkabaki jangwani mkihesabu nzi. Kisha akanituma chai.

Niliporudi na birika nilimkuta ameinama chini ya boneti, pua nusura iguse betri, anapapasa. Alishika waya mwekundu, na mkono ulikuwa unaelekea upande wa hasi. Nilimdaka kifundo cha mkono.

"Si huko, mzee. Mwekundu unakwenda chanya."

Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha.

"Huu ni mwekundu?" aliuliza.

"Mwekundu kabisa."

"Mimi naona kahawia tu, Thelma. Kila kitu kahawia, tangu Pasaka."

Na tulikuwa Agosti. Miezi minne mtu huyu alikuwa anafunua gazeti mbele yangu kila asubuhi, eti anasoma! Nilitaka kumtukana, na ningemtukana vizuri, ila machozi yaliniwahi. Nilimkalisha juu ya kreti, nikachukua spana mwenyewe.

Alinielekeza kwa mdomo tu: fungua kwanza hasi ya betri ya zamani, pitisha waya mnene mbali na bomba la moshi, usisahau fyuzi. Nilipofunga nati kwa woga alisema nikaze, hiyo si chupa ya sosi. Nikamjibu kwamba heri kreti aliyoikalia, haina mdomo kama wake. Alasiri friji ikaanza kunguruma. Darcy akatia kiganja ndani, akakiacha humo muda mrefu.

Wiki ile daktari wa macho alituambia ni kisukari kilichomla macho: uoni uliobaki watajaribu kuulinda, uliokwenda umekwenda. Tulirudi nyumbani. Hapo Darcy aliniambia nipakie dawa, twende ziwani.

Asubuhi ya safari alitoka na kofia yake, akaipapasa pikapu ubavuni, akaupita mlango wa dereva, akazunguka hadi upande wa abiria. Gari lile sikuwahi kuliendesha hata mara moja. Alinyoosha mkono wenye ufunguo.

"Tukifika ziwani unieleze yote," alisema. "Usinifiche kitu."

Mtu aliyenificha macho yake miezi minne. Niliupokea ufunguo, nikambusu mkono alioninyooshea, nikawasha gari.